Nyuma ya Mlango Kuna Nini

Mtaani mjomba wangu anaitwa Nani Kakutuma, na jina hilo kajipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Ni fundi wa vitasa. Ukimjia mbio kwamba umefungiwa nje, hainuki kwenye kigoda. Atakuuliza nani kakutuma, halafu nyuma ya mlango wako kuna nini. Useme: ndoo, viatu vya mke wangu, gunia la mkaa. Akishafungua, yeye ndiye anayechungulia kwanza. Asipoiona ndoo, anafunga tena na kukuacha hapo ukitoa macho.

Ndiye aliyenilea tangu mama, dada yake, alipofariki. Nimekulia kibandani kwake, nikifanya kazi za shule juu ya benchi lenye vumbi la chuma. Siku moja alikuja mwenye nyumba, tumbo mbele, akitaka afunguliwe chumba cha mpangaji aliyekuwa kazini.

"Mlete mwenye chumba," mjomba akamwambia.

"Nyumba ni yangu."

"Nyumba yako, chumba chake."

Jamaa akaondoka akitukana. Mimi, pale benchini, ndipo nilipoanza kuitamani sheria.

Sasa chuo cha sheria nilichoomba ni kile ambacho hata watoto wa wakubwa hutoka mikono mitupu. Waombaji utitiri, wanaochukuliwa wa kuhesabika. Niliitwa kwenye usaili, nikajibu nilivyoweza, nikarudi kusubiri. Simu yangu ilikuwa mbovu, kwa hiyo niliwaachia namba ya mjomba. Hapo ndipo nilipojitia kitanzi.

Mchana mmoja nilitoka sokoni nikamkuta anatabasamu, na yeye kutabasamu si kawaida yake.

"Nimemtimua tapeli," akasema. "Mwanamke, sauti laini, maneno ya ofisini. Eti umechaguliwa, ila ufike leo leo kabla hawajafunga, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Haraka ya nini kama si wizi?"

"Ukamwambia nini, Mjomba?"

"Nikamwuliza, chumba mlichomhoji mpwa wangu, nyuma ya mlango kuna nini? Akababaika. Eti yeye yuko ofisi nyingine, hajui. Nikamkatia, na namba nikaifungia."

Nilimchukia mjomba saa ile, sisemi uongo.

"Hiyo ndiyo simu niliyokuwa naingoja."

"Ndivyo wanavyotaka uamini."

"Basi naenda."

"Huendi kwa matapeli peke yako."

Akafunga kibanda kwa kufuli zake zote, moja moja, kila moja akiivuta kuhakikisha, nami nimesimama juani na hasira zangu. Njia nzima ananionya nisitoe kitambulisho wala nisitie sahihi. Langoni mwa chuo akamwuliza mlinzi kaajiriwa na nani.

Tulifika wakifunga madirisha. Mama wa udahili, miwani imemshuka puani, akasikia jina langu, akatukagua juu hadi chini.

"Huyu ndiye mzee wa nyuma ya mlango?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Ndiye. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kanifanya niache kiti changu nikatazame. Kuna fagio, na koti la kijani ambalo hakuna anayejua la nani. Nikapiga tena nimjibu, simu haingii."

Mjomba akanigeukia. "Kweli?"

Nililikumbuka lile koti. Siku ya usaili liliniangukia begani nilipofunga mlango. "Kweli, Mjomba."

Yule mama akachukua kitambulisho changu, akakilinganisha na uso wangu, akarudia tena.

"Lazima niulize," akasema. "Wengi husukumwa na wazazi, wakaacha masomo katikati. Sheria umeichagua mwenyewe, au nani kakutuma?"

Miaka yote swali hilo linatoka kwa mjomba, na sasa yeye ndiye anayengoja jibu. Hasira yote ilinitoka.

"Kanituma huyu," nikasema. "Ila mwenyewe hajui. Alimkatalia mwenye nyumba mlango wa mpangaji, na mimi nilikuwepo."

Yule mama akanisogezea karatasi ya kukubali nafasi, na kalamu. Mjomba alijifuta macho kwa kiganja chenye grisi, akabaki na weusi shavuni. Halafu, kabla sijatia sahihi, akaichukua ile karatasi, akaigeuza atazame nyuma yake kuna nini.