Meno ya Mazimwi

Kwa miaka ishirini na sita alitengeneza meno bandia, na majirani walimwita Mama Meno hata mbele ya wageni. Kisha maabara ya meno alikofanya kazi ikanunua mashine. Mashine ilichonga meno bila kwenda msalani wala kuomba likizo, naye akarudishwa nyumbani na shukrani na saa ya ukutani. Miezi minane mikono yake ilikaa bure. Alianza kuiogopa, kama mtu anavyoogopa ukimya wa mtoto chumba cha pili.

Ndipo mwenye duka la michezo ya mezani alipompa mazimwi matano ya plastiki, vinyago vya kuchezea, kila moja urefu wa kidole gumba, ayapake rangi.

"Yakinipendeza, kazi ya duka ni yako. Yasiponipendeza, yuko mwingine anasubiri."

Alichagua rangi tano tu: nyekundu ya tofali, manjano iliyochujuka, kahawia, nyeupe ya mfupa na nyeusi. Buluu na kijani alizifungia kabatini. Wifi yake, aliyekuwa akiishi naye tangu Mama Meno afiwe na mume, akachungulia begani.

"Wifi, unayapaka rangi au unayapaka matope?"

"Yametoka vitani. Ulitaka yanukie marashi?"

"Angalau yanawe uso!"

Yalichafuka kwelikweli. Alizimua kahawia kwa maji, akaiacha ituame kwenye mikunjo ya ngozi, kisha akafuta juu juu kwa kitambaa. Kutu ya mapanga aliigongagonga kwa kipande cha sponji. Chini ya uchafu wote ule, wekundu ulibaki ukipumua.

Alipoyapeleka dukani, mwenye duka aliyatazama kwa kioo cha kukuzia.

"Mama, uchafu huu sijauona kwa mtu mwingine. Lakini zimwi gani hili limetoka kwa daktari wa meno?"

Mama Meno akainama kutazama. Midomo yote mitano ilikuwa na meno meupe, yaliyopangana, na ufizi wenye afya. Mkono ulikuwa umefanya ulichozoea bila kumuuliza mwenyewe.

"Nipe hadi kesho," alisema.

Nyumbani wifi yake alicheka hadi akakaa sakafuni. Yeye hakucheka. Mara tatu alishusha brashi, mara tatu akaiinua. Kila jino lililopita mkononi mwake lilikuwa la kumwezesha mtu acheke bila kufunika mdomo. Leo aharibu kwa makusudi?

Lakini kabla ya kila seti mpya ilikuja kwanza plasta ya mdomo wa zamani, nakala ngumu ya meno yaliyochakaa, na plasta zile hakuzisahau. Mshonaji aliyekata nyuzi kwa meno hadi jino likapata mfereji. Mlinzi aliyesaga meno usingizini hadi yakalingana na ufizi. Mzee wa kiko, mwenye tundu la mviringo pembeni. Akachukua kisu chembamba, akachonga, akapaka manjano, halafu kahawia. Hakuwa akiharibu kitu. Alikuwa akiwakumbuka.

Kesho yake mwenye duka alilirudia zimwi la tatu kwa kioo chake.

"Hili lina mdomo wa baba yangu," alisema hatimaye.

"Alivuta kiko?"

"Alikufa nacho."

Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akaondoa redio kwenye meza ya dirishani, akaweka pale boksi zima la mazimwi meupe, yasiyopakwa rangi bado.

"Kiti kinayumba kidogo, Mama."

"Nitakitilia karatasi mguuni."

Akaketi, akaomba maji ya kusuuzia brashi.