Michikichi Iliyobaki Nje ya Mstari

Kwa mjomba wangu sikuwahi kupiga hodi. Kwetu mwipwa, yaani mtoto wa dada, haombi: anaingia jikoni, anafunua sufuria, anachukua kipande anachokitaka, na mke wa mjomba anamtukana huku anacheka. Nimefikia utu uzima, nafundisha historia shuleni Kasongo, na bado nikishuka kwenye pikipiki pale kijijini, Kabambare, nilikuwa nakwenda moja kwa moja mekoni. "Mwizi amefika!" mjomba alikuwa anapiga kelele uani. "Mufiche kuku!"

Ndiyo maana rafiki yangu aliponiomba habari za mpaka wa shamba la mjomba, sikuona kama naiba chochote.

Huyo rafiki, na namwita rafiki kwa kukosa tusi linaloweza kuandikwa, tulikaa benchi moja shuleni. Baadaye akaenda Amerika kuandika teze ya chuo kikuu juu ya Walatino wa mpakani, watu wenye asili ya Meksiko ambao nchi ilibadilika jina wao wakiwa wamekaa palepale. Alikuwa ananipigia simu, ananisimulia. Mababu wa watu hao walijua mashamba yao kwa mti fulani, jiwe fulani, kijito fulani. Wakaja mawakili na mahakimu wa serikali mpya, wakataka ramani. Wengi wakapoteza ardhi. "Dada, karatasi ndiyo iliwamaliza," alisema huku analia. Nikalia naye, mjinga mimi.

Alitaka kulinganisha na kwetu. Mjomba alikubali kwa sharti moja. "Mupaka tunautembea, mwipwa wangu, hatuuchori. Andika maneno yangu yote. Lakini karte, ile ramani yenu, hapana."

Nikayafikisha kama yalivyo. Rafiki akaapa kwa mama yake mzazi. Aliomba tu niwashe kitu fulani ndani ya simu, kinachoshika njia unayopita. "Kwa macho yangu peke yangu, dada, nisipotee nikikusikiliza." Nikawasha, na mjomba sikumwambia.

Tulitoka asubuhi, mjomba mbele, mimi nyuma, simu mfukoni. Tulipokaribia michikichi yake ya zamani, tukasikia kilio kwa jirani. Mjomba akavua kofia, akakata kushoto, akazunguka mbali ndani ya shamba lake mwenyewe. Penye msiba mtu hapiti akionyesha mpaka. Ni sawa na kumdai marehemu. Michikichi yote tukaiacha ng'ambo ya njia yetu. "Tutarudia siku ingine," alisema. Mimi nilielewa bila kuelezwa. Simu haikuelewa.

Teze ikawa kitabu, naye akanitumia picha za kurasa, anajisifu. Nikafika kwenye ramani. Mstari mweusi, mzuri kabisa, umekata kushoto kabla ya michikichi. Chini yake: mpaka kwa maelezo ya mzee mwenyewe. Nikampigia palepale.

"Dada, profesa wangu ndiye alitaka. Bila ramani wasingenipitisha. Halafu kitabu cha Amerika, nani atakisoma Kabambare?"

Nani! Mtu asiyejua ningemsamehe. Huyu ndiye aliyenifundisha kwa machozi jinsi ramani zilivyomeza mashamba ya watu, kisha akakaa mezani na kalamu akachora yetu! Nilimwambia maneno ambayo mwalimu hasemi. Akakata simu, na mpaka leo hajapiga.

Aliyekisoma ni mtoto wa yule jirani, mwanafunzi wa chuo kule Kindu. Alikikuta kwenye simu yake. Wakati huo dhahabu ilikuwa imeonekana chini ya michikichi, na wachimbaji walikuwa wanakuja hadi kutoka Salamabila. Akapeleka fotokopi ya ukurasa ule tribinali. Mjomba akaeleza habari ya kilio, nami nikashuhudia. Hakimu akamuuliza kwa upole kabisa, "Mzee, hii njia ni yako ao si yako?"

Mjomba akaufuata mstari kwa kidole hadi pale ulipokata kushoto. Halafu akanitazama mimi.

"Ni miguu yangu," akasema.

Michikichi ikaenda kwa jirani hivyo.

Nilikaa miezi bila kwenda kwake, aibu tupu. Siku niliyojikaza nikaenda, uani hakuna aliyeniita mwizi. Nikaelekea jikoni kama siku zote. Mke wa mjomba alikuwa amesimama mlangoni, hana hasira wala nini. Akanishika mkono polepole, akanirudisha sebuleni, akanivutia kiti cha wageni. Wakaniletea maji ya kunawa na taulo safi, kisha bukari, ugali wetu, mboga ya sombe, na paja zima la kuku kwenye sahani ya kioo.

"Karibu, mwalimu," mjomba akasema. "Kula, usisikie haya."

Nikala. Nilipomaliza nikasema asante, na katika nyumba ile sikuwahi kulisema neno hilo tangu nizaliwe.