Taa Ndogo za Ijumaa

Kila Ijumaa mchana, kabla ya kuondoka Suna, mjini Migori, niliegesha pikipiki mbele ya duka la fundi cherehani na kuwasha taa ndogo. Katika kioo cha dirisha lake, kati ya gauni la harusi na sare za shule, zilitokea nukta mbili za manjano. Nilizitazama kidogo, nikaandika saa katika daftari langu, nikazima. Ilikuwa desturi ya mtu anayekusanya habari kwa ajili ya redio: hakikisha kwanza, ondoka baadaye.

Pikipiki ilikuwa ya baba. Aliinunua miaka mingi iliyopita kwa msafiri aliyechoka na safari akiwa hapo mpakani, na kwa macho ya kijijini ilionekana kama ng'ombe wa kigeni: pana, nzito, ina kioo cha kukinga upepo na masanduku mawili ubavuni. Mbele ilikuwa na taa moja kubwa, na kila upande wa hiyo taa kubwa kulikuwa na taa ndogo, yenye balbu isiyozidi ukubwa wa ncha ya kidole. Boda boda zote za barabara yetu zina taa moja. Mbili zilikuwa za baba peke yake.

Alifanya kazi Migori na alirudi nyumbani Ijumaa. Nyumba yetu iko mteremkoni, barabara ya kutoka Homa Bay kwenda Mbita, mahali ambapo siku isiyo na ukungu unaona kisiwa cha Mfangano kimelala majini. Akifika kona ya mwisho, chini ya kilima, baba alizima taa kubwa ili asiwapofushe ng'ombe wa jirani waliokuwa wakirudi zizini, akaingia na zile ndogo tu. Kilima kiliweka kivuli mapema pale, kwa hiyo zilionekana vizuri. Mama alikaa kwenye kigoda kando ya ua wa minyaa akiitazama kona hiyo. Sisi ni Wasabato, na Sabato huingia jua linapozama. Taa zilipotokea, mama alitoa sufuria motoni, akanawa mikono, na wiki ikawa imekwisha.

Baba alipofariki, tulimleta nyumbani kama kwetu tunavyoleta watu wetu. Msafara huwasha taa kubwa mchana kweupe na kufunga matawi mbele ya magari. Anayeziona taa zinawaka juani husimama kando ya njia na kuvua kofia, hana haja ya kuuliza. Baba mdogo aliiendesha pikipiki mbele ya msafara wote, na taa yake kubwa ikiwaka. Mama aliitazama ikikata kona. Wiki chache baada ya mazishi aliniambia, "Ukija nayo, nyara, njoo na zile ndogo. Ile kubwa nimeshaiona."

Nyara ni binti yangu, kwa Kijaluo. Basi nikawa naja na zile ndogo.

Miaka ilienda na macho ya mama yakaenda nayo. La kushoto lilichomwa na mwiba alipokuwa msichana, halikuona tena. La kulia lilipata mtoto wa jicho, likajaa polepole kama kioo kinachopulizwa pumzi. Mwishowe alituona kama vivuli vinavyoongea. Daktari wa Homa Bay alisema linaweza kusafishwa. Mama alikubali, akakataa, akakubali, akakataa tena. Lilikuwa jicho pekee alilobakiwa nalo, na hakuna aliyeweza kumwahidi neno. Mara ya tatu alipopewa siku, Jumatatu asubuhi, alinipigia simu.

"Ijumaa njoo mapema," alisema. "Nataka kuziona zile taa mara moja kwa jicho hili nililo nalo. Nikiziona, Jumatatu nitakwenda na wewe. Nisipoziona, mniache na ukungu wangu. Nimeuzoea."

Mama hakuwa mtu wa kutafuta ishara. Nilichosikia katika sauti yake ni mtu anayetaka kuaga kitu kabla hakijaguswa.

Ijumaa hiyo nikaegesha mbele ya dirisha, nikawasha. Katika kioo, kati ya gauni na sare, kulikuwa na nukta moja.

Nilizima, nikawasha tena. Nikapiga taa ya kulia kwa kiganja, kama tunavyopiga redio. Nukta moja. Nilitazama saa: saa saba na dakika ishirini. Fundi wa pikipiki, ambaye kibanda chake kinapakana na duka la cherehani, naye ni Msabato. Ijumaa hufunga saa tisa kamili, akaoge na kunyoosha suruali ya kesho.

"Moja inatosha, madam," alisema bila kuinuka kwenye tairi lake. "Boda zote hapa ziko na moja, na watu wanafika."

"Moja ni ya boda. Mama anangojea mbili."

Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama pale juani. Alifuta mikono kwa kitambaa, akainuka.

Balbu hizo hazitolewi kwa mbele. Zinakaa ndani ya vishikilio vya mpira, na kuvifikia lazima mkono upite nyuma ya plastiki ya mbele, kati ya nyaya na vyuma vya usukani, kwenye upenyo ambao aliyeutengeneza hakuwa akimfikiria mtu mwenye viganja. Fundi alijaribu, akakwama kwenye vifundo vya vidole. Mimi nilijaribu na kukwama mahali hapo hapo, maana nimerithi mikono ya baba pamoja na pikipiki yake. Kuing'oa plastiki yote ilikuwa kazi ya saa tatu, na skrubu zake mbili zilikuwa zimeshikwa na kutu.

"Mnaitesa hiyo ng'ombe ya wenyewe," sauti ikasema dirishani. Alikuwa fundi cherehani, mama mwembamba wa Kikatoliki aliyekuwa ametutazama muda wote akishona pindo bila kuangalia sindano.

"Wewe shona," fundi alimjibu. "Hii ni ya wanaume."

"Ndiyo maana imewashinda. Toa hiyo mikono yako ya jembe."

Alitoka amevaa futi ya kupimia shingoni. Alifumba macho, akaingiza mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko, uso wake ukatulia kama mtu anayesikiliza maji yakipita chini ya ardhi. Ulikuwa mkono uliozoea kutafuta bobini chini ya cherehani pasipo mwanga. Tulisikia mpira ukiachia. Aliutoa mkono na kutufunulia kiganja: balbu ndogo ya kioo, nyeusi kwa ndani, na waya wake mwembamba umekatika.

Fundi alipekua mikebe yake yote. Balbu ya manjano ya aina hiyo hakuwa nayo, wala jirani zake hawakuwa nayo. Alikuwa na moja ya zile za kisasa, zisizo na waya ndani, zinazotoa mwanga mweupe.

"Hii ni nzuri kushinda ile," alisema. "Haili betri. Utanishukuru."

Fundi cherehani aliiingiza. Nikawasha. Giza.

"Imekufa nayo," fundi akasema, akaitazama saa yake, kisha jua. Ilikuwa saa nane na nusu imepita. "Na ilikuwa peke yake."

"Umeiangalia kama imeingia vizuri?" fundi cherehani akauliza.

"Balbu ni balbu. Haina mbele wala nyuma."

"Bobini pia watu husema hivyo. Ikiingia kinyume, haishoni." Mkono ulikuwa umesharudi ndani. "Omera, ndugu yangu, wewe nenda ukaoge, Sabato isikukute na grisi. Sisi tuna Jumamosi nzima ya kufanya kazi."

Aliigeuza. Nikawasha, na katika kioo cha dirisha nukta zikawa mbili. Ya kushoto ilikuwa ya manjano, ileile ya baba. Ya kulia ilikuwa nyeupe kama jino.

Fundi alikuja mbele, akainama kuzitazama zote mbili.

"Sasa iko na macho ya paka," fundi akasema kwa upole.

Niliondoka Suna saa tisa. Mashamba ya miwa yalipita Awendo, yakapita Rongo, kijani juu ya kijani, na mimi nikawa nafikiria rangi moja tu. Akiona nyeupe, atasema ni ya mgeni. Atasema ya baba ni moja, na moja si mbili. Nilijipanga nitamwelezaje, nikayapanga maneno upya kama habari isiyotaka kukaa sawa, na kila mara habari ilibaki ileile: nilitakiwa kuleta taa mbili, nimeleta moja na nusu.

Baada ya Homa Bay barabara inageukia magharibi, na ziwa likawa upande wangu wa kulia. Wale vijidudu wadogo wa ziwani walikuwa wameinuka juu ya maji, nguzo baada ya nguzo, kama moshi wa mioto ambayo hakuna aliyeiwasha. Harufu ya dagaa wa omena walioanikwa ilikuja na kwenda. Jua lilikuwa usoni mwangu, jekundu na laini, hewa imejaa vumbi la dhahabu, na kwa muda mrefu sikuwa na hakika kama ni mimi ninayekwenda au ni nchi inayonipita taratibu ikienda mjini. Nilimkuta mzee mmoja akichunga mbuzi. Aliinua fimbo kuisalimu pikipiki, nadhani, kwa kuwa mimi hanijui.

Kwenye kona, ndani ya kivuli cha kilima, nilipunguza mwendo. Nilimwona yeye kabla hajaniona: kigoda, ua wa minyaa, kitambaa cheupe kichwani, uso umeelekezwa barabarani. Niliwasha zile ndogo, nikaingia polepole kuliko baba alivyowahi kuingia.

Mama alisimama. Aliinua mkono wake, hakuupunga, aliuweka tu hewani. Nilisimama hatua kumi kutoka kwake, injini ikinguruma chini chini, taa zikimwelekea. Alikaza jicho. Midomo ilitembea kidogo.

"Mbili," alisema.

"Unazionaje, mama?"

"Kama siku zote. Rangi ya chai." Alishusha mkono. "Sasa zima, uje unawe. Jua halingoji mtu."

Ningeweza kumwambia hapo hapo. Maisha yangu yote nimelipwa kwa kusema kilichopo. Nilizima, nikanawa mikono, tukaimba wimbo wa kufungua Sabato, wala sikusema.

Jumatatu alikwenda. Alinishika mkono hadi mlangoni mwa chumba cha upasuaji, kisha akauachia yeye mwenyewe, kidole kimoja kimoja. Jumanne walipomfungua bandeji, alitazama kwanza ukuta, halafu muuguzi, halafu mimi. Alinitazama sana. "Umezeeka," aliniambia, akaanza kucheka, akaambiwa asicheke kwa nguvu.

Ijumaa iliyofuata nilipita Homa Bay na katika duka moja la vipuri nikapata balbu ya manjano, ileile hasa. Sikuwa na mkono wa kuiweka. Niliitia katika mfuko wa shati, nikaendelea. Nilikata kona na zile ndogo kama kawaida. Mama alikuwa kwenye kigoda amevaa miwani myeusi ya hospitali. Aliniona, akaivua.

"Kwa nini pikipiki ya baba yako ina jicho jeupe?"

Nilizima injini. "Ilikuwa hivyo hata wiki iliyopita, mama."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza rangi."

"Mwandishi wa habari ni wewe. Mimi ni msikilizaji tu." Alikuja akaizunguka pikipiki, akainama kidogo, akakumbuka amekatazwa kuinama, akanyooka. Nilitoa balbu mfukoni, nikamwambia ninayo ya kubadilisha. Alitazama Mfangano, jua likiwa limebaki kama ukucha juu ya kisiwa. "Leo hakuna kazi tena," alisema. "Wala kesho. Iweke mezani."

Jumapili asubuhi nilimkuta nje, miwani ameivaa juu ya kitambaa cha kichwa, balbu ameishika kati ya vidole viwili dhidi ya mwanga wa ziwa. Nilimwambia kazi hiyo inataka mkono mwembamba, kwamba Suna yupo mama mmoja fundi cherehani ambaye angeiweka kesho kwa dakika moja. Aliigeuza balbu huku, akaigeuza kule.

"Kuna uzi humu ndani," alisema.

"Ndio unaowaka."

"Mwembamba hivi?" Aliisogeza karibu zaidi na jicho lake. "Miaka yote ile nilikuwa nangojea uzi." Alinyoosha mkono wake mwingine kuelekea pikipiki, mkono mdogo, mkavu, wenye mishipa. "Nionyeshe mahali mkono unapoingilia."