Pale Papa Alipokaa Kimya

Nilikuwa nimechoka hata kabla ya kuanza. Kutwa nzima nasimama mbele ya watoto wa shule ya msingi huku mtaani Katuba, kwenye mji wa shaba, nikiwaambia warudie, warudie tena. Jioni narudi nyumbani, navua viatu, nachukua gitaa la baba yangu, na sasa zamu ya kurudia ni yangu.

Papa, ndivyo ninavyomwita baba, aliyeyusha shaba kiwandani miaka mingi, na Jumapili alipiga gitaa uani. Alikuwa na wimbo mmoja alioutunga alipokuwa anamposa mama yangu. Mama ametangulia, na vidole vya Papa navyo vilikuwa vimeanza kuvimba viungo. Nikajiambia, wimbo huo nisipoushika mimi, utazikwa naye.

Basi nikawa namrekodi kwa simu. Shida ni kwamba hakuupiga vilevile hata mara mbili. Juma hili anapanda shingo ya gitaa mpaka juu, juma lijalo anabaki chini, anazungukazunguka kwenye nyuzi mbili. Na mimi ni mtu wa imla: neno linaandikwa kama lilivyosomwa. Nilikasirika kweli, nikamuuliza wimbo wenyewe ndio upi.

"Papa, wimbo yenyewe njo gani?"

"Njo ile napiga sasa, mama."

Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Nilifikiri anaona raha kunisumbua.

Mwishowe nikachagua rekodi moja, nikaikariri kama kasuku. Dole gumba linapiga besi bila kusimama, kidole cha pili kinaimba juu yake, kama wanavyopiga wazee wa huku. Vidole vya kushoto vikaota sugu. Nilisinzia na gitaa mapajani, chaki bado mikononi. Kulikuwa na pahali pamoja, baada ya akordi ya pili, ambapo gumba liliendelea peke yake na juu kukawa kimya kidogo. Nilipapenda kuliko pote. Nilipafanyia mazoezi mpaka nikalia.

Jumamosi moja nikampigia wote bila kosa, nikangoja sifa. Papa alikuwa anaangalia mikono yake.

"Pale unanyamaza," akasema, "sababu gani?"

"Njo vile ulipiga, Papa."

"Mama, pale kidole ilikatala."

Akanionyesha kidole cha pete cha mkono wa kushoto, kimepinda kama tangawizi. Kila juma kilikuwa kinamfungia njia moja, naye anatafuta nyingine. Kumbe hakuwa ananisumbua. Nilikuwa nimekariri maumivu yake, tena bila kosa. Niliona aibu, na uchovu wa miezi yote ile ukanishukia mabegani.

"Na ile ya zamani, ya mama?" nikauliza.

"Ile, bidole njo bilikuwa binaiyua. Miye siiyue tena. Piga tu. Kidole mukubwa isisimame."

Vidole ndivyo vilivyoujua, yeye hakuujua tena. Nikapiga kwa kumtii tu, gumba likienda, bila moyo. Nilipofika pale pa kimya, kidole changu cha pete, kizima, kikaangukia uzi ambao sikuuchagua. Papa akainua kichwa haraka, kama aliyeusikia wimbo wake wa zamani.

"Apo! Rudia apo!"

Nikajaribu. Nikajaribu tena, na kila mara alitikisa kichwa kwamba siyo, macho yamemlowa. Mimi ninayewaambia watoto warudie kutwa nzima, sikuweza kurudia. Sikujua nilichokuwa nimefanya.