Kava la mkanda nililifungua mimi

Leo asubuhi khanga ya binti yangu Zuhura ilinaswa na mkanda wa mashine, naye kajifunga kiunoni.

Tulikuwa tunapulizia mikorosho salfa, hapa Kitomanga. Mnalijua lile trekta letu dogo, kuukuu, nililolifungia feni ya kupulizia kwa nyuma.

Zuhura aliinama kumimina salfa. Upindo ukavutwa, naye akavutwa nao.

"Zima! Hamisi, zima!" nilipiga kelele.

Mumewe alizima, lakini injini ile kongwe hainyamazi mara moja.

Khanga ikachanika. Ndiyo iliyomwokoa. Alhamdulillahi, ana michubuko tu.

Kisha akamgeukia mumewe.

"Umeacha mkanda wazi! Kava liko wapi? Ulitaka kuniua?"

"Wallahi sijaligusa, mama Rama."

"Nani basi, jini?"

Hamisi alinitazama kidogo, akainamisha uso. Alijua. Lakini mkwe wangu hawezi kuniumbua mbele ya mwanangu.

Nami niliegemea mkongojo wangu, nikamwacha alaumiwe.

Jana nilifungua kava nikaze mkanda. Vidole vikashindwa kurudisha nati. Niliona haya kuomba msaada, nikamwambia Hamisi mashine iko tayari.

Daktari ameshaniambia siku zangu si nyingi. Sitaki kuondoka na hili, na kusema usoni nimeshindwa, ndiyo maana naandika hapa kwenye kundi letu la familia.

Nyinyi wengine nisemeni mtakavyo.

Zuhura, najua uko jikoni na simu mkononi. Mumeo yuko nje tangu asubuhi, hajala.

Mwite.