Kifaa Changu Kilichoanikwa na Dagaa

Juzi nilitoka Bunda kwenda Musoma kununua vitambaa, maana siku hizi nashona nguo hukohuko Bunda, pale Nyasura. Nilipomaliza, miguu ikanipeleka yenyewe mpaka mwaloni, kule boti zinakoshusha samaki. Akina mama walikuwa wamemwaga dagaa kwenye nyavu ili wakauke. Ile harufu iliponifikia, rafiki yangu, nilijifunika uso kwa mikono. Aibu yangu ilikuwa bado mbichi kabisa.

Mimi sisikii. Utotoni nilikuwaga nasikia kidogo, kama mtu anayesikiliza watu wa nyumba ya pili. Wazazi wakanipeleka kwa bibi, Mwisenge, hapohapo Musoma, ili nisome kwenye shule yenye kitengo cha viziwi. Tulikuwa wachache, darasa moja la pembeni, mikono yetu haitulii kutwa nzima. Huko kila mtu alipewaga jina la mkono. La mwalimu wetu lilikuwa kugusa mwanya wa meno. Langu lilikuwa kuweka ngumi mdomoni kama kipaza sauti, kwa sababu niliwaambia wote nitakuwa mtangazaji wa redio. Usicheke. Niliamini kabisa.

Wataalamu walipokuja shuleni wakanipima, wakanipa kifaa cha kusikia, na kipande laini kilichotengenezwa kwa umbo la sikio langu. Mwalimu wa kitengo akamwita bibi, akamweleza polepole: "Bibi, adui yake ni maji. Jasho likiingia kinakufa. Kila siku kikaushwe."

"Kukausha?" bibi akasema. "Hiyo niachie mimi, mwalimu."

Bibi alikuwa mwanika dagaa. Kwa hiyo kila jioni, nikishatoka shule, alinivua kile kifaa, akatandika pembe ya kanga juu ya wavu, akakilaza hapo katikati ya dagaa, juani. Akishika fimbo yake ya kufukuzia kunguru, anakilinda kuliko samaki wenyewe. Akigeuza dagaa, na chenyewe anakigeuza. Jua likizama ananivisha, na mimi nasikia tena: chapchap ya maji, ufagio wa jirani, na bibi akiimba wimbo wa kikwetu huku anasonga ugali wa muhogo. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo. Hayo nayajua kwa maneno tu, nitakwambia kwa nini.

Wakati ule mwalimu aliona naweza kujaribu darasa la kawaida, pamoja na wanaosikia. Wiki moja tu, nikiweza nibaki. Sikulala kwa furaha. Nilijiona tayari nasoma taarifa ya habari.

Siku ya kwanza nikaitwa mbele nisome kwa sauti. Nilikuwa sijamaliza mstari wa pili, mwalimu wa pale akainua mkono. Nilimsoma mdomo: "Nani anapiga filimbi?"

Darasa likageuka huku na huku. Na mimi nikageuka, nikawakazia macho wa nyuma kabisa, nikimtafuta huyo mtovu wa adabu.

Kumbe ni mimi. Jua lilikuwa limekikunja kile kipande, kikalegea, sauti ikawa inavuja na kupiga mluzi. Mluzi wenyewe mwembamba, masikio yangu hayaufikii. Msichana wa dawati la mbele akasimama, akanyoosha kidole sikioni kwangu, akanusa.

"Kananuka dagaa!"

"Dagaa wake wanapiga filimbi!" akadakia mwingine.

Walicheka mpaka wakalala juu ya madawati. Nilikichomoa, nikakificha kwenye soksi, nikasoma mpaka mwisho bila kujisikia mwenyewe. Naambiwa nilikuwa napiga kelele.

Bibi akaitwa. Alikuja moja kwa moja kutoka mwaloni, magamba yanameta kwenye mikono. Walimu wakamuuliza kifaa kimefanywa nini. Akajibu kwa fahari: "Nakianikaga vizuri, walimu wangu. Nakigeuza pande zote mbili," akaonyesha kwa kiganja, juu, chini. Ofisi nzima ikaangua kicheko. Hata mwalimu wetu alifunika mdomo. Bibi akacheka nao, hakujua kilichowachekesha. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

Wenzangu wa kitengo walikuwa wanachungulia dirishani. Toka siku hiyo jina la mkono la bibi likawa kiganja, juu, chini.

Nilirudi kitengoni. Kipande kipya kililetwa, nikakivaa darasani tu. Nikikaribia nyumbani nakificha kwenye begi, nisije nikanuka tena, nisije nikaitwa tena. Bibi nilimwambia siku hizi kinakaushwa shuleni. "Kimekauka, mama?" bibi aliniulizaga, nami naitikia kwa kichwa bila kusikia. Aliongea, aliimba, aligeuza dagaa wake. Mimi niliona mdomo unacheza tu. Nilijiambia nitakivaa likizo.

Kabla ya likizo niliugua homa kali, masikio yakaziba kabisa. Kifaa kikabaki pambo. Bibi alijifunza ishara chache, njoo, kula, lala, akawa ananisemesha kwa mikono yenye magamba mpaka alipofariki.

Ukiniuliza leo, vicheko vya lile darasa navikumbuka, hata mlio wa viti. Nilikuwa nimekivaa. Sauti ya bibi nikiitafuta sipati. Najua ilikuwa na mkwaruzo, kama ninavyojua jina la kijiji ambacho sijawahi kufika.

Pale mwaloni juzi mama mmoja aliona nimesimama sana. Akaniuliza kitu, nikamwonyesha masikio, nikatikisa kichwa. Akatabasamu, akainama kwenye wavu wake, akaendelea kugeuza. Midomo yake ilikuwa inacheza. Labda alikuwa anaimba. Nikajikuta mkono wangu umenyooka mbele yangu, kiganja, juu, chini. Nilikuwa namwita bibi.