Anayesukuma Baiskeli

Utafiti wetu ulihusu usalama wa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli, na kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mwinuko wa Batsinda, jijini Kigali, na kuchora vistari. Kila apitaye, kistari. Nilianza saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, kisha nikarudi nyumbani kwa pikipiki, nikililalamikia jua utadhani nimetoka kulima.

Karatasi ilikuwa na safu ya waenda kwa miguu na safu ya baiskeli. Msimamizi alitupa kanuni: anayesukuma baiskeli ahesabiwe kuwa mwenda kwa miguu. Penye tambarare kanuni hiyo haina ubaya. Kigali ni vilima, na mwenye mzigo haendeshi baiskeli kupanda. Anaisukuma, kifua mbele, jasho likimtiririka.

Mmoja wao alileta kabeji kutoka bondeni kila asubuhi, magunia mawili. Akifika kwangu husimama kupumua na kunitania kwamba nalipwa kwa kukaa. Siku moja akachungulia karatasi, akauliza yeye yuko wapi humo. Nikamwonyesha safu ya waenda kwa miguu. Alicheka sana.

"Dada, hii baiskeli iko yangu miaka kumi. Kuja mchana, utaona vile tunashuka."

Nilijua anasema kweli. Nilishawahi kuwaona alasiri wakiteremka kwa msururu, magunia matupu yamefungwa nyuma, breki zikilia. Kumwomba msimamizi tuhesabu na alasiri pia yalikuwa maneno mawili tu. Sikuyasema. Kazi ingeongezeka, nami nilizipenda alasiri zangu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi nilikuwa nimeshiba.

Ripoti ilipotoka ilisema baiskeli katika barabara ile ni chache, wanaotembea ni wengi. Barabara ikatengenezwa kwa kuifuata ripoti: njia pana ya waenda kwa miguu, ukingo mrefu wa saruji, na ule ukanda wa udongo kando ya lami walimokuwa wakishukia wenye baiskeli ukamezwa wote. Nilijivuna. Nilipiga picha nikamtumia mama yangu, aliyebaki Tanzania nilikokulia.

Haukupita mwaka, yule muuza kabeji akafa pale pale mwinukoni, mchana, akishuka. Lori lilikuwa ubavuni mwake na ukingo upande wa pili. Hakuwa na pa kukwepea. Aliyeniambia ni mama muuza mandazi, jirani wa kiti changu siku zile.

Tulikwenda pamoja kumpa pole mjane. Nilikusudia kumweleza kila kitu: vistari, safu, alasiri zangu. Njia nzima nilipanga maneno. Mama wa mandazi akanitangulia, akanitambulisha kuwa mimi ndiye niliyekuwa nahesabu watu barabarani. Mjane alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Alikuwa anatuambia habari yako," akasema. "Ile njia mulituletea iko muzuri, dada. Watoto wanaenda shule, mimi siogopi tena."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Mdomo ulifunguka, na maneno yote niliyoyapanga yalikuwapo. Mkono wangu ulikuwa bado mikononi mwake. Nikamwambia asante.